Gemu za kuyumbisha mwili kwa mgonjwa wa Parkinson: niliyoyaona kwa baba

Ndugu uliyeuliza kama kuna faida kumnunulia mama yako gemu zinazochezwa kwa mwili ili Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo, isiendelee kumwangusha, nakujibu kwa yaliyompata baba yangu.

Shemeji yangu aishiye Uingereza alituletea Wii, mashine ya gemu inayounganishwa na runinga, iliyokwishatumika, pamoja na ubao wake wa kusimamia. Ubao huo una vihisio vinne vinavyopima uzito umeelemea wapi, hivyo baba akiegemea kushoto, pengwini kwenye runinga naye huteleza kushoto kufuata samaki. Mgonjwa wa Parkinson hupoteza wepesi wa kuhamisha uzito mguu hadi mguu bila kufikiri, na levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, ingawa hulegeza ukakamavu wa misuli, kwa kawaida haisaidii sana kuzuia kuyumba. Hilo linataka mazoezi, na baba, aliyeyaacha ya mtaalamu baada ya wiki mbili kwa kuyaona ya kitoto (ajabu hiyo!), alimng'ang'ania pengwini hadi chai ikapoa.

Hata hivyo, usitarajie muujiza. Mwaka 2012 watafiti wa Brazili walichapisha matokeo ya wagonjwa 32, baadhi wakifanya mazoezi kwa Wii na wengine mazoezi ya kawaida kwa vipindi 14. Makundi yote mawili yalipata nafuu, wala gemu haikuonekana bora. Kama mama yako hufanya mazoezi ya kawaida kwa hiari, fedha hiyo mfungie vyuma vya kushikilia bafuni.

Baba alicheza dawa ikiwa imeshashika, kiti kizito kikiwa mbele yake nami nyuma, mikono yangu karibu na mkanda wake bila kumgusa, kwa sababu alizoea kuangukia kisogo. Gemu ya kupiga mpira kwa kichwa tuliiacha, kwani humo hurushwa na viatu vya kukwepwa, na kuchagua kipi apige kulimchanganya hadi akasahau miguu.

Kilichotutisha zaidi kilikuwa kushuka. Ubao umeinuka kidogo tu, lakini mara mbili miguu yake iliganda pale pale, mara moja umeme ukiwa umekatika. Tangu hapo alicheza mchana tu, nasi tukabandika utepe mweupe sakafuni mbele ya ubao ili akusudie kuuvuka.

Mama akihisi kizunguzungu anapoinuka, mpimeni kwanza shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, maana ugonjwa wenyewe na dawa zake huweza kulishusha.