Unaanza kusoma majumba ya Arts and Crafts? Achana na karatasi za ukutani kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kozi ya usanifu majengo huku Uingereza, au mmepata kibarua kwenye ofisi inayokarabati nyumba za zamani, haya ni yenu. Mimi kazi yangu ndo hiyo, kupima, kuchora, kupanda ngazi kukagua paa, na kila msimu naona wageni wanaingia kwenye haya majumba ya mashambani ya Arts and Crafts (ile harakati ya Uingereza ya mwisho wa karne ya 19 iliyothamini kazi ya mikono) simu mkononi, wanapiga picha karatasi za ukutani za William Morris, kinara wa harakati hiyo, maua na ndege wee mpaka chaji inaisha, halafu wakirudi ofisini ukiwauliza jiko lilikuwa upande gani wa nyumba wanatazamana. Yale maua siku hizi yapo hata kwenye vikombe na mifuko ya dukani. Nyumba yenyewe unaisoma kwa miguu, unaizunguka nje, ndo unaingia.

Nitatumia nyumba ya Standen kama mfano kwa sababu iko wazi kwa watu, ni mali ya National Trust, shirika la kutunza majengo ya kihistoria, tangu 1972, unakata tiketi unaingia. Iko karibu na East Grinstead, West Sussex. Msanifu wake ni Philip Webb, ilijengwa kati ya 1891 na 1894 kwa ajili ya James Beale, mwanasheria wa London mwenye hela zake, na mkewe Margaret na watoto wao saba. Webb ndo yule aliyemchorea Morris nyumba yake ya Red House kule Bexleyheath mwaka 1859, so hapa Standen unamkuta mzee wa miaka sitini aliyeshajua anataka nini, na pia ameshajua asichotaka, ambacho kwa maoni yangu ndo kikubwa zaidi.

Kitu cha kwanza, jua. Sisi tumekulia kwenye kulikimbia jua, nyumba nzuri kwetu ni yenye kivuli na upepo, baraza pana, madirisha yasipigwe na jua la jioni. Huku geuza akili. Jua linatembea upande wa kusini, wakati wa baridi liko chini kabisa na linaaga mapema, kwa hiyo msanifu anayejua kazi analitafuta kama mtu anayetafuta network kijijini. Standen upande wa bustani unatazama kusini kwenye bonde, na vyumba vya kukaa vimepangwa huko kwa urefu, wakati upande wa kuingilia umetulia, ukuta mwingi, hauna mbwembwe. Chumba cha kulia kina sehemu inayopokea jua la mashariki ili familia inywe chai ya asubuhi kwenye mwanga. Sasa ukishajua hilo huwezi tena kusema dirisha fulani "limekaa vizuri" tu, unauliza saa ngapi jua linafika pale na nani alikuwa amekaa pale saa hiyo. Nenda na dira, kila simu inayo, andika kaskazini kwenye karatasi kabla hujachora mstari wowote. Hilo tu litakuweka mbele ya nusu ya darasa.

Cha pili fuata watumishi. Nyumba ya familia ya watu tisa wenye uwezo miaka ile haiendi bila wapishi, wafua nguo, wasichana wa vyumbani, na hao walikuwa na njia zao, ngazi zao za nyuma, milango yao. Standen upande wa huduma paa linashuka, nyumba inakuwa ndogo na ya kawaida, na kuna mnara ambao watu wanadhani ni wa urembo kumbe ni wa matangi ya maji. Huwa naanzia huko makusudi. Mlango wa jikoni ukiupata, ramani nzima inajifungua yenyewe, unaona chakula kinapita wapi, makaa yanapita wapi, nani asionekane na nani. Na hapa kuna ukakasi mmoja msiufiche kwenye insha zenu: hawa jamaa walihubiri heshima ya kazi ya mikono, Morris mwenyewe alikuwa msoshalisti wa kupanda jukwaani, lakini wenye uwezo wa kulipia kazi hiyo ya mikono walikuwa mawakili na wenye viwanda. Nyumba ya Blackwell kule Windermere, ya msanifu Baillie Scott, nzuri kupita maelezo, alijengewa mwenye kiwanda cha bia cha Manchester kama nyumba ya mapumziko. Andikeni hivyo hivyo, mwalimu mzuri hatakasirika.

Halafu vifaa. Usiandike "matofali" ukaishia hapo. Webb mawe aliyachimba pale pale kwenye kiwanja, akaongeza matofali ya maeneo ya jirani, ukuta wa juu akauvika vigae vinavyoning'inia kama nyumba za wakulima wa Sussex zinavyovikwa miaka nenda rudi kwa sababu mvua ya huko inakuja kwa ubavu, halafu zile pembetatu tano za ukuta chini ya paa (gables) upande wa bustani akazifunika mbao. Ukiangalia haraka utasema jamaa ameshindwa kuamua. Sasa tembea kijiji cha jirani nusu saa tu, utavikuta vyote, kimoja kwenye ghala, kingine kwenye kibanda, kingine kanisani. Na pale pale Standen kulikuwa na nyumba ya shamba ya zamani na ghala lake, mtu mwingine angebomoa apate kiwanja safi, Webb akaviacha na kuipanga nyumba mpya kando yake kana kwamba vimekua pamoja. Ndo maana nasema mjue asichotaka. Hakutaka nyumba ya kupiga kelele.

Ila hilo linaleta mtego, nyumba ya 1894 inaweza kukudanganya ni ya miaka ya 1600. Usiangalie paa, angalia korido. Nyumba za zamani kweli kweli mara nyingi unapita chumba hadi chumba, hizi zina korido ndefu, na Standen iliwekwa umeme tangu mwanzo, taa za shaba za mbunifu W.A.S. Benson bado zipo. Kwa hiyo ile hadithi kwamba watu wa Arts and Crafts walichukia mashine zote iacheni.

Wasanifu wengine wa Arts and Crafts nawapitia haraka. Voysey utamjua kwa kuta nyeupe za lipu ya chokaa na kokoto iliyorushwa, paa kubwa linaloshuka chini, na zile nguzo pana chini nyembamba juu zinazoegemea ukuta, ambazo wanafunzi wanaziita mapambo wakati kazi yake ni kuushika ukuta mwembamba ili gharama ipungue. Gimson, nendeni kwenye nyumba yake ya Stoneywell kule Leicestershire, imepinda pinda kwa kufuata mwamba, paa lilikuwa la makuti ya huku, yaani nyasi, mpaka moto wa 1939 ndo wakaezeka vigae vya mawe. Lutyens kila mtu anampenda, mimi namuona anajua sana kujionyesha, ila nyumba ya Munstead Wood aliyomjengea mbunifu wa bustani Gertrude Jekyll imetulia. Huyo Lutyens alikaa ofisi moja na Herbert Baker wakiwa vijana, na Baker ndo baadaye akaenda Afrika Kusini na kuchora mpaka majengo ya Nairobi, ikiwemo shule inayoitwa Nairobi School leo, so mkirudi nyumbani mna pa kuendelezea.

Kwenye kazi sasa, somo ambalo nalirudia kwa kila mgeni ni chokaa. Ukuta wa zamani unanyonya unyevu na kuutoa, chokaa inauruhusu upumue, ukija na simenti ukaziba nyufa umeufungia maji ndani, baridi ikija yanaganda, yanavimba, tofali linamenyuka uso. Mtu wa Zanzibar au Lamu hili hahitaji kufundishwa sana, kuta zetu za mawe ya matumbawe zinateswa na simenti hiyo hiyo, tofauti ni kwamba kule chumvi ndo inamaliza kazi badala ya barafu. Kwenye mahojiano ya kazi semeni hilo, mna ujuzi ambao wenzenu wanausoma kwenye vitabu. Webb na Morris ndo walianzisha SPAB mwaka 1877, jumuiya ya kuzuia watu kukwangua na "kurudisha upya" majengo ya zamani, na msimamo wake ni mwepesi kuusema na mgumu kuufuata: rekebisha kilichoharibika, kizima kiache. Ofisini utasukumwa ubadilishe dirisha zima kwa sababu kizingiti cha chini kimeoza. Chora kwanza kipande kilichooza kwa saizi yake halisi, onyesha fundi atakavyounga mbao mpya, peleka na bei, mara nyingi wanakubali.

Pima mwenyewe kwa tepu hata kama ofisi ina skana ya leza. Skana haikwambii kwamba kile kigingi cha mbao kwenye kiungo kimechongwa kwa mkono, wala kwamba kitasa kimewekwa chini ili mtoto akifikie.

Na site ya kwanza wakikupa nafasi ya kuchagua siku, chagua siku ya mvua. Haya mapaa yana mabonde mengi, kila pembetatu inakutana na mwenzake kwenye mfereji wa madini ya risasi, na majani ya miti mizuri ya bustani yote yanaishia humo. Simama nje na koti lako uangalie maji yanakopita na yanakomwagika, weka alama kwenye mchoro, ndo uingie ndani ukatafute doa kwenye dari chini ya kila alama.