Jibu la Mzee wa Kijenge: Chenji au baki?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu wa darasa la tano aliandika kwenye insha, "Muuza duka alinirudishia chenji." Mwalimu wake kaikata kwa kalamu nyekundu, juu yake kaandika "baki". Mimi nina genge hapa Majengo, Moshi, na neno chenji nalisema kutwa nzima. Nani kakosea? – Mama wa genge

JIBU: Marahaba, mama. Mtoto arudishiwe alama yake.

Baki ni neno zuri, na kwao ni kwenye hesabu: kumi toa saba, baki tatu. Ila gengeni kwako kuna chenji mbili. Mteja akikupa elfu tano kwa nyanya za elfu mbili, ile elfu tatu unayomrudishia ni chenji. Ukitaka kuiita baki, tutaelewana. Sasa aje mwingine na noti ya elfu kumi saa moja asubuhi, hujauza hata fungu la mchicha. Utamwambia, "Sina chenji." Jaribu "sina baki" uone atakavyokutazama! Hapo chenji ni hela ndogondogo. Ndiyo maana unamtuma mtoto kwa jirani na noti ileile: "Mwambie anichenjie." Anarudi na elfu mbili mbili tano. Kumi imekwenda, kumi imerudi, kilichobaki ni nini?

(Wapo wenye maduka wanaokulipa chenji kwa pipi. Hiyo sina jina lake.)

Na usidhani ni neno la gengeni tu. Mwaka 2012, kampuni ya Uingereza, BAE Systems, ilipolipa pauni milioni 29.5 kutokana na ile biashara ya kuiuzia Tanzania rada, nchi nzima iliziita "chenji ya rada", magazetini hadi Bungeni. Zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Huenda mwanao, au kaka yake, amekalia dawati la chenji.

Neno lilitoka Kiingereza, sawa, lakini sisi tumeshalinyambua: chenji, chenjia, chenjiana. Hapa Arusha vijana wanachenji dola, ingawa kibao cha dukani kinasema "kubadilisha fedha". Na rafiki aliyeacha kukusalimia, "siku hizi kachenji."

Juzi nilipanda daladala kwenda soko la Kilombero. Konda noti kazikunja kwa urefu, kazibana katikati ya vidole, sarafu anazigonganisha kiganjani. Nikampa buku. Akaniambia, "Chenji yako baadaye mzee, sasa hivi sina chenji." Maana zote mbili, pumzi moja! Nikaifurahia sentensi ile hadi nikashuka. Nilishafika kwenye vitunguu, nimeshika fungu mkononi, ndipo nikakumbuka kwamba hela yangu imeendelea na safari.