Uliza Tukujibu: Miaka 14 ndo ruksa ya kila kazi?

Msimu wa kuchuma tumbaku ukifika hapa Tabora meseji za ukurasa huu zinabadilika ghafla, mambo ya ndoa na viwanja yanakaa pembeni kila mtu anauliza kuhusu vibarua. Safari hii nimechagua nne tu, ya kwanza ndefu ila nimeiacha karibu kama ilivyokuja.

SWALI: Shikamoo mzee. Mi niko Urambo, tunalima tumbaku na mume wangu. Mwaka huu kaka yake wa Kasulu katuletea kijana wake atusaidie msimu mzima, ana miaka 14, alimaliza la saba mwaka jana hakuendelea. Tumekubaliana tutamlipa tukishauza, chakula na nguo juu yetu. Sasa juzi mvua ilinyesha usiku, asubuhi kaingia shamba anachuma majani bado mabichi mabichi na maji, mchana akaanza kutapika na kichwa kinamgonga na kizunguzungu, tukajua malaria tukampeleka zahanati wakapima hana. Jirani ananiambia hapo nina kesi kwa sababu ni mtoto. Mume wangu anasema 14 sheria inaruhusu na isitoshe ni mtoto wa kaka yake, mtu atashtakiwaje kwa mwanae? Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila mumeo kashika kile kidogo.

Kwanza huyo kijana. Malaria hana na dalili ulizotaja ni zilezile za sumu ya nikotini, yaani lile jani bichi likiwa limelowa umande au mvua nikotini inatoka kwenye jani na kuingia kwenye maji, inapenya ngozi ya mikono na mgongo mpaka kwenye damu, mtu anatapika, kichwa, kizunguzungu, wengine hata kula hawawezi. Mtu mzima inampata pia ila mtoto mwili wake mdogo, dozi ileile kwake ni kubwa. Kwa hiyo kwanza mtoe kwenye majani kabisa, asichume, asibebe, asishone kwenye fito, na dawa za kupulizia asizikaribie. Akizidiwa mrudisheni zahanati na mseme wazi kwamba alikuwa anachuma tumbaku, maana daktari asipoambiwa atatafuta homa tu.

Haya, sheria. Hiyo 14 ya mumeo ipo kweli. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, namba 138 wa mwaka 1973 unasema umri wa kuanza kazi usiwe chini ya miaka 15 wala chini ya umri wa kumaliza shule ya lazima, ila nchi ambayo uchumi na shule zake bado hazijakaa sawa inaruhusiwa kuanza na 14. Tanzania ilijiunga na mkataba huo 1998 ikachagua 14, na ndo imo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na Sheria ya Mtoto ya 2009. Wengi wanasoma mpaka hapo wanafunga kitabu. Sentensi inaendelea jamani! Mwenye 14 anaruhusiwa kazi nyepesi, ile isiyomuumiza afya wala kumvurugia shule. Kazi ya hatari ni miaka 18, na sheria yetu ya 2004 imetaja mgodi, kiwanda, meli na sehemu nyingine zenye hatari, na kilimo kimetajwa humo humo. Kazi iliyomtapisha mtoto huwezi kumwambia afisa kazi kwamba ni nyepesi.

Na hili la "mtoto wa kaka yangu". Mkataba 138 unaruhusu nchi ichague iwaache pembeni wenye mashamba madogo ya familia, ila yale yanayolima kwa ajili ya kula hapo hapo na hayana kawaida ya kuajiri vibarua. Tumbaku hailiwi na mtu mwanangu, inapimwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inapanda lori inaenda nje ya nchi. Halafu kuna mkataba namba 182 wa 1999, unahusu kazi mbaya kabisa kwa watoto, huo kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na wala hauulizi shamba ni la baba au la tajiri. Na mwambie mumeo taratibu, sheria ya 2004 haimshiki mwajiri peke yake, anayemtafutia mtoto kazi ya namna hiyo naye anashikwa, kwa hiyo shemeji yako wa Kasulu yumo.

Malipo nayo. Kumlipa mtu mpaka tumbaku iuzwe ni mazoea ya huku na mi siyapendi hata kwa watu wazima, maana bei ikishuka kibarua ndo anapunjwa, anaambiwa chakula ulikula na nguo ulivaa. Mlipeni miezi aliyofanya sasa hivi. Kama lazima abaki kwenu, mahindi na kuku zinamtosha, na isizidi saa 6 kwa siku, hapo Sheria ya Mtoto inaita unyonyaji. Ila mi ningeuliza swali ambalo hukuliandika, la saba alifaulu? Kama jina lilitoka akaachwa nyumbani kwa sababu ya hela ya sare na daftari, ada mpaka kidato cha nne haipo toka 2016, basi nendeni kwa afisa elimu kata kabla mwaka haujaisha. Kama hakufaulu kuna VETA, na mafunzo ya ufundi chuoni yenyewe mkataba 138 hauyakatazi.

SWALI: Niko Ujiji. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 16, mrefu kuliko mimi, kaacha shule anataka aende ziwani na wavuvi wa dagaa. Tajiri wa mtumbwi anasema bahari ndo imekatazwa, ziwa halijakatazwa. Ni kweli?

JIBU: Huyo tajiri angekuwa wakili angekula vizuri. Sheria ya Mtoto kweli imetaja kwenda baharini kwenye kazi za hatari, lakini tusipoteze muda na hilo, dagaa wa Tanganyika wanavuliwa saa ngapi? Usiku wa giza, taa zinawashwa, samaki wanafuata mwanga, watu wanarudi asubuhi. Na Sheria ya Mtoto inamkataza mtoto kazi za usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na mtoto ni aliye chini ya miaka 18 hata awe mrefu kama mnazi. Sijagusa bado upepo wala kuvuta nyavu wala kwamba wengi hawana maboya. Mchana ufukweni kuanika dagaa baada ya shule, hiyo tunaweza kuongea. Kupanda mtumbwi asubiri miaka miwili.

SWALI: Mi nawatuma wanangu maji, kuosha vyombo, wa miaka 9 anachunga mbuzi jioni. Nimeajiri watoto?

JIBU: Hapana dada, umelea. Ila mbuzi wakianza kumtoa shule siku za mnada, tuandikie tena.

SWALI: Mzee unatupotosha. Hizi ni sheria za wazungu, sisi tulishika jembe tuna miaka saba na tuko hapa wazima. Mtoto asiyefanya kazi anakuwa mwizi. Mkulima, Sikonge.

JIBU: Mkulima, mi mwenyewe nimeshika jembe hilo, na jibu la juu kwa dada linaonyesha hatugombani sana. Ila historia uiweke sawa. ILO ilianzishwa 1919 na mwaka huo huo ikapitisha mkataba kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 asifanye kazi viwandani, na watoto waliokuwa wanalengwa hapo wengi walikuwa wa kwao huko Ulaya, walikuwa wanakatika vidole kwenye mashine. Mwaka 1921 wakaja kwenye kilimo, wakasema aliye chini ya 14 asifanye kazi shambani muda wa shule. Kwa hiyo walikuwa wanajirekebisha wao kwanza. Na ule mkataba 182 niliotaja juu, Agosti 2020 ulitimiza nchi zote 187 wanachama, Tonga ikiwa ya mwisho, kabla ya hapo hakuna mkataba wa ILO uliowahi kukubaliwa na wanachama wote. Sisi tulijiunga 2001, bungeni kwetu, na wabunge wetu.

Mahali ambapo nakubaliana na malalamiko ni kwingine kabisa. Sera yetu ya elimu, lile toleo la 2023, imesema elimu ya lazima iwe miaka 10. Mtoto akianza la kwanza na miaka 6 atamaliza akiwa na 16 hivi. Sasa sheria ya ajira bado imeandika 14, wakati mkataba wenyewe unataka umri wa kazi usiwe chini ya umri wa kumaliza shule ya lazima, hapo katikati kuna miaka miwili mtoto anatakiwa darasani na wakati huo huo anaruhusiwa kibaruani. Mbunge akija Sikonge kuomba kura muulize hilo, mi nimeshauliza sijajibiwa.

Na wale wawili walioniandikia bila jina kuhusu watoto wanaolala kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku, kuchochea moto usiku kucha, sikuchapisha barua zenu kwa usalama wenu. Mpelekeeni mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii, sheria inawapa wao kazi ya kulifuatilia, au pigeni 116, simu ya mtoto, ni bure.