Jibu: Mululuza wa shangazi na vimelea vya malaria

Ndugu, umeuliza kama mululuza, ule mmea wa majani machungu anaouchemsha shangazi yako huko Masaka, unaua malaria kweli, na kama unaua, mbona hakuna kidonge chake. Nimefanya upimaji wa mitishamba maabara moja ya Kampala miaka sita, nikueleze nilichokiona.

Kuua vimelea maabara si kazi ngumu. Tunavikuza ndani ya chembe nyekundu za damu ya binadamu, nyuzi 37, tunatia maji ya mmea kwa nguvu inayopungua nusu kwa nusu. Baada ya saa 72 tunaweka rangi inayong'aa ikishika DNA. Chembe nyekundu iliyokomaa haina DNA, kwa hiyo mng'ao ni wa vimelea. Ukififia, havikuzaana.

Hapo ndipo niliponaswa. Mzizi mmoja ulifuta mng'ao wote, tukashangilia, nusura tuandike ripoti. Jioni nikainua sahani ya kupimia kwenye taa: vishimo vyake vyenye damu vimekuwa vyekundu angavu, chini hakuna chembe zilizotuama. Mmea ule ulikuwa na saponini, ile inayotoa povu kama sabuni, nayo ilipasua damu yenyewe. Vimelea vilikosa pa kuishi tu! Niliumia, maana mzee aliyetupa mzizi ule alikuwa akisubiri jibu. Tangu siku hiyo naanza na damu isiyo na vimelea, halafu seli nyingine. Kiasi kinachodhuru seli kisipofika mara 10 ya kile kinachoua vimelea, naweka kando.

Mululuza unakwama hapo hapo. Una vernodalini, kemikali iliyomo majanini, inaua vimelea lakini inadhuru na seli zetu.

Halafu kuna moto. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Nobel ya 2015, aliona Artemisia, mmea wa dawa ya malaria, inashindwa mpaka alipoacha joto kali akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Sisi maabara tunatoa dawa kwa methanoli, aina ya spiriti, shangazi anatumia maji ya moto. Hayo ni madawa mawili tofauti.

Mwombe tawi lenye maua, ulipeleke hebaria ya Chuo Kikuu cha Makerere, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, litambuliwe; wengi hutuletea majani makavu kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, hayana hata jina. Muulize pia majani mangapi, maji vikombe vingapi, dakika ngapi jikoni. Mtoto akipata homa apimwe siku hiyo hiyo, akikutwa na malaria apewe dawa ya mseto.