Kusajili shirika la kusaidia yatima: BRELA, RITA au wapi?

Mkuu, umesema mko wanane mliosoma pamoja, mnataka shirika la kuwanunulia yatima sare na madaftari na kuwalipia wanaofika vyuoni, na kuna mtu kawaambia mwende BRELA, wakala wa kusajili biashara na makampuni, mkasajili kampuni isiyo na hisa. Huyo anaongea habari za kabla ya 2019. Mwaka huo sheria zilirekebishwa, na kampuni za namna hiyo zilizokuwa zinafanya kazi za NGO zikatakiwa kuhamia kwa Msajili wa NGO. Mimi ni katibu wa shirika dogo huku Nyanda za Juu Kusini na nimewasindikiza wenzangu kadhaa kwenye usajili. Ninachosema ni cha Tanzania Bara. Zanzibar wana utaratibu wao.

Sheria inayowahusu ni ile ya mashirika yasiyo ya kiserikali, yaani NGO, Na. 24 ya 2002. RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini, ni kwa wanaosajili bodi ya wadhamini, na mtasikia watu wakisema lazima mpite na huko. Si lazima. Cheti cha NGO chenyewe kinalipatia shirika uwezo wa kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Amueni tu mapema kama ni ngazi ya wilaya, mkoa au taifa, maana ukisajiliwa wilaya moja huwezi kwenda kugawa sare wilaya ya jirani.

Kazi yenyewe iko kwenye katiba. Watu wanachukua katiba ya shirika lingine, wanabadilisha jina, basi. Niliwahi kukaa na kikundi mbele ya Afisa Maendeleo ya Jamii. Mama yule hakusoma dira wala dhamira, alifunua moja kwa moja ukurasa wa mwisho, penye kuvunjwa kwa shirika. Paliandikwa mali zitagawanywa kwa wanachama sawa kwa sawa. Akapiga mstari wa kalamu nyekundu, akasema, "Hiki ni kikundi cha kukopeshana, wanangu, siyo NGO." Andikeni kwamba mali iliyobaki itakwenda kwa shirika lingine lenye malengo kama yenu. Halafu wekeni ukomo wa uongozi. Ibara ya "mwanzilishi atakuwa mwenyekiti wa maisha" naiona mara nyingi mno, na wafadhili wakiiona wanafunga faili.

Baada ya hapo ni makaratasi: muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina kamili na saini, wasifu na picha za viongozi. Hakikisheni majina yanafanana na ya vitambulisho vya NIDA. Mmoja akiitwa Juma kwenye muhtasari na Jumanne kwenye kitambulisho, mtapigwa danadana.

Kama mnafikiria siku moja kuwalaza watoto kwenye nyumba, hilo ni jambo jingine kabisa. Makao ya watoto yana leseni yake chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mnaanzia Ustawi wa Jamii. Kwa ushauri wangu, achaneni nalo kwa sasa. Mtoto aliyeko kwa bibi yake msaidieni akiwa kwa bibi yake.

Cheti cha NGO hakiwapi msamaha wa kodi. TRA mnaomba peke yake ili mtambuliwe kama taasisi ya hisani, na nao watarudi kwenye ibara ileile ya mali. Hata mkitambuliwa, mkiajiri mhasibu mmoja, kodi ya mshahara wake mnaikata na kuipeleka kama mwajiri mwingine yeyote. Mkipata mfadhili wa zaidi ya shilingi milioni 20, mkataba unapelekwa kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Wengi hulikumbuka hili wakati wa ukaguzi.

Na huyo kishoka, yaani dalali, mliyesema amewaahidi cheti bila ninyi kukaa kikao, mwacheni. Maombi mnajaza wenyewe mtandaoni, na mnalipia kwa namba ya malipo ya serikali. Rasimu ya katiba ikiwa tayari iweke hapa, ondoa majina, nitaipitia.