Kadi ya kura ina jina la mume, kitambulisho cha taifa (NIDA) kina jina la baba: niliyoyaona Kigoma

Dada uliyeuliza kama na sisi huku Tanzania tunaweza kukwama kwenye kura kwa sababu ya jina la ndoa, kama wanawake wa Marekani, jibu langu ni ndio ila tunakwamia kwingine. Kwao kuna mswada unaitwa SAVE, Baraza la Wawakilishi liliupitisha Aprili 10, 2025 kwa kura 220 dhidi ya 208, unataka anayejiandikisha alete karatasi ya uraia kama pasipoti au cheti cha kuzaliwa, sasa aliyechukua jina la mume cheti chake si kina jina la baba, ndo kelele zikaanza. New Hampshire wao walikua na sheria yao ya jimbo kama hiyo tayari, na Machi 2025 kwenye chaguzi za miji kuna akina mama walirudishwa nyumbani wakafate cheti cha ndoa.

Huku kujiandikisha kwenyewe wala sio mtihani. Mi niko Ujiji, uboreshaji wa daftari la wapiga kura ulizinduliwa hapahapa Kigoma Julai 20, 2024, nikaenda kuhamisha kituo na nikasema sambamba na hilo niweke jina la mume, cheti cha ndoa ninacho kwenye bahasha. Kijana wa mashine ya BVR, ile inayochukua alama za vidole, akaniuliza, "Mama, NIDA yako inasomaje?" Nikamwambia jina la baba. Akasema kubadilisha unaweza, ila ukija kupoteza kadi hii utapata tabu. Nikaliacha kama lilivyo, nikahama kituo tu.

Alikua sahihi yule kijana. Ukipoteza kadi tume ya uchaguzi huwa inaruhusu upige kura kwa kitambulisho cha taifa, leseni au pasipoti, lakini majina yafanane na yaliyoko daftarini, herufi kwa herufi. Jirani yangu 2020 kadi ilipotea, daftarini yuko kwa jina la mume, NIDA ya baba, sura ni yake kila mtu pale anamjua na bado akarudishwa, akakaa chini ya mwembe na kitenge chake kipya anatuangalia sie tunaingia.

Afu sisi wa Kigoma tuna letu. Majina mengi ya Kiha, kabila la hapa, na ya Warundi wa ng'ambo ya mpaka ni yaleyale, kwa iyo wakala wa chama akikutilia mashaka kwamba si raia utaulizwa baba yako nani, kazaliwa kijiji gani, babu je. Mdada akiona hivyo anakimbilia jina la mume linalosikika la pwani ili wasimsumbue, wakati siku ya kuthibitisha uraia karatasi zote za kumtetea zimeandikwa hilohilo jina la baba alilolikimbia. Mamkwe wangu hataki kusikia, anasema nimemdharau mwanae, mi namwambia mama, mwanao ninae ndani, hilo la kwenye kadi niachie.

Kama ushaamua kubadili, anzia NIDA: wakili akuandalie hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, NIDA warekebishe, ndo uende daftarini kurekebisha taarifa. Na usije ukajiandikisha upya kwa jina jipya kana kwamba hujawahi kujiandikisha, alama za vidole zitakuumbua na kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai.

We NIDA yako inasomaje kwanza?