Kwa Nini Salahuddin Hakulipiza Kisasi Baitul Maqdis?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Katika darasa letu la vijana mmoja alidai Salahuddin al-Ayyubi, sultani wa Misri na Sham, alionyesha udhaifu mwaka 1187 alipowaachia Wakristo watoke Baitul Maqdis (Yerusalemu), ilhali wao mwaka 1099 waliwachinja Waislamu wa mji huo. Je, kisheria haikumpasa kulipiza?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Haikumpasa, ndugu yangu, na lau angelipiza kama anavyotaka kijana huyo angebeba dhambi.

Unyama wa 1099 haufichiki. Wanajeshi wa msalaba walioitikia wito wa Papa Urban II waliuingia mji Ijumaa, tarehe 15 Julai, wakaua wanaume, wanawake na watoto, Waislamu na Mayahudi, hata waliokimbilia Msikiti wa Aqsa. Waandishi wao wenyewe wameyasimulia hayo. Lakini Salahuddin aliuzingira mji miaka 88 baadaye, baada ya kulishinda jeshi la msalaba katika vita vya Hittin. Waliojifungia ndani walikuwa watu wa vizazi vingine, wengi wakiwa wakimbizi. Allah anatuambia katika Suratul Israa, aya ya 15, kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Utamchinja mtoto kwa jinai ya babu yake kwa dalili gani, wakati Mtume (S.A.W.) amekataza kuua wanawake na watoto vitani?

Tuseme na upande wa pili, maana tumezoea kumsimulia Salahuddin kana kwamba alikuwa malaika. Mwanzo alikataa kutoa amani, akasema atauchukua mji kama walivyouchukua wao. Balian wa Ibelin, aliyeongoza ulinzi, akamjibu kuwa wakinyimwa amani watawaua maelfu ya mateka wa Kiislamu waliomo ndani na kuibomoa Aqsa na Kubba ya Mwamba. Salahuddin akashauriana na wenzake, wakapatana fidia: dinari 10 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke, na dinari 30,000 kwa mafukara wapatao 7,000. Yeye na ndugu yake al-Adil wakawaacha huru wengine bure. Hata hivyo wapo maelfu waliokosa fidia wakatiwa utumwani, na hilo tusilifiche.

Sasa, mkataba ukishafungwa, mjadala wa kisasi umekwisha. "Timizeni ahadi" ni amri ya Allah, wala haikubaguliwa kwamba ni kwa Waislamu peke yao. Salahuddin aliingia mjini Ijumaa, 27 Rajab 583 Hijria (2 Oktoba 1187), kwa mkataba, na kuuvunja ingekuwa khiyana. Walikuwapo waliotaka Kanisa la Kaburi Takatifu libomolewe, wakakumbushwa kuwa Khalifa Umar bin al-Khattab, Waislamu walipouchukua mji mara ya kwanza, aliliacha lisimame.

Mwambie kijana huyo kuwa kisasi katika sheria humwangukia muuaji mwenyewe, tena baada ya kuthibitishwa mbele ya kadhi. Mkristo anayeishi naye mtaa mmoja leo hana deni lolote la 1099.

Wallahu a'lam.